Vipimo vya Injinia

Karakana ya ushonaji ilikuwa na vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia, pasi nzito, na kelele za kutosha nyumba nne. Cherehani cha dirishani kilikuwa cha Sindano. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Lakini ukiita lile la wazazi pale karakanani, hakuna atakayegeuka, labda hata yeye mwenyewe. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alishona kwa kasi na kusema kwa kasi. Mteja aliyechelewa kuchukua nguo zake alichomwa kidogo kwa maneno kabla ya kukabidhiwa.

Meza ya kukatia ilikuwa ya Mzee Futi. Kwa miaka thelathini na saba mzee huyu alikuwa amening'iniza futi ya kupimia shingoni, na watu walisema anaoga nayo. Alikuwa na sharti moja ambalo hakulilegeza kwa mtu yeyote. Nguo haikatwi mpaka mwenyewe asimame mbele yake. Wateja wengine walituma vipimo kwa simu, na Mzee Futi aliwajibu vilevile kila mara.

"Alete mabega yake hapa. Namba hazivai koti."

Tena alipima mkono wa kulia, akapima na wa kushoto. Wateja walimtania. "Mzee, si yote ni yangu?"

"Yote ni yako, lakini haifanani," alijibu, akaandika namba mbili.

Sindano alikuwa amelijua sharti hilo kwa miaka kumi na miwili. Sasa alikuwa akilivunja. Kila saa ya chakula cha mchana, wenzake wakitoka, alivuta kitambaa cha kijivu kutoka chini ya cherehani chake. Alikuwa anashona koti la mwanaume ambaye hajawahi kumwona kwa macho. Msimcheke. Ngojeni kwanza mjue ilivyokuwa.

Miezi saba nyuma, Sindano aliweka mtandaoni picha ya gauni alilolishona. Watu wachache walilisifia. Mmoja aliandika ujumbe wa pembeni: "Gauni ni zuri, lakini mimi nimetazama mshono wa ndani. Aliyeshona hivi ni mtu mwenye subira." Alijiita Injinia. Alisema anajenga madaraja, mwendo wa saa sita kwa basi. Picha yake ilimwonyesha mwanaume mwenye kofia ngumu ya kazi, shati la buluu, na chombo kizito cha chuma begani.

Kuanzia siku hiyo aliandika kila asubuhi. "Umeamkaje, malkia wa uzi? Mgongo unaendeleaje?" Mume wa Sindano alikuwa ameondoka miaka sita iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyewahi kuuliza habari za mgongo wake. Alikuwa mpweke, tuseme wazi. Maneno ya Injinia yalimwingia kama chai ya moto asubuhi ya baridi.

Hawakuwahi kuonana kwa video. Mara mtandao wa huko kazini ni mbovu, mara kamera ya simu imevunjika. Sindano alitaka kuuliza zaidi, lakini alisita. Yeye mwenyewe alikuwa amemwandikia kwamba ana miaka thelathini na minne, na kwamba karakana ni yake. "Mimi niliyedanganya nitamhoji mwenzangu kwa uso gani?" alijiambia, akanyamaza.

Sasa ilikuwa Jumanne, na safari ya kwenda kuolewa naye ilikuwa Alhamisi. Injinia alikuwa amemtumia tiketi mbili za basi la saa mbili asubuhi, moja ya Sindano na nyingine ya binti yake wa miaka kumi na minne. Alisema amempatia binti nafasi katika shule nzuri. Kilichobaki ni cheti cha kuzaliwa cha mtoto na picha yake ya mwili mzima, vitumwe kabla ya Jumatano saa nane mchana. Picha ya kitambulisho cha Sindano alikuwa nayo tayari, ambayo Sindano aliipiga huku kidole kikifunika mwaka wa kuzaliwa. "Na usimwambie mtu mpaka mfike," aliandika. "Watu wana wivu, watatuharibia."

Sindano alisoma ujumbe huo mara ya ishirini.

Jioni ile nyumbani, katika vyumba vyao viwili, chakula hakikupita kooni. Mama yake mzazi, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alimtazama kwa muda.

"Mwanangu, hicho chakula unakila au unakikagua?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini, hewa? Unaumwa?"

"Siumwi."

"Basi kuna kitu unaficha. Wewe tangu mdogo ukificha kitu unavuta sikio."

Sindano akashusha mkono haraka. Upande wa pili wa meza, binti yake aliinua macho kutoka kwenye daftari na kucheka. Walimwita Kifungo, kwa sababu akiwa na mwaka mmoja alimeza kifungo cha koti la mteja na kuitoa roho ya familia nzima kwa siku mbili. Simu ndogo ya Kifungo ilitetemeka mezani. Akaigeuza kifudifudi, akaendelea kuandika.

Chini ya kitanda cha Sindano kulikuwa na begi lililofungwa tayari. Kifungo hakujua. Angeambiwa Alhamisi asubuhi kwamba wanakwenda matembezi. Bibi naye hakujua. Yeye angeachiwa barua. Barua yenyewe Sindano alikuwa ameianza mara nne, na kila mara aliishia kwenye "Mama mpendwa". Kila alipomtazama Bibi akikusanya sahani, kifua kilimbana. Alijiambia ni hofu ya furaha. Lakini mtu mwenye furaha hulala, na yeye alikuwa na wiki nzima hajalala vizuri.

Jumatano mchana wenzake walitoka kwenda kula. Sindano alilivisha koti lile kwenye kiwiliwili cha mbao na kubandika karatasi ya vipimo pembeni. Mikono ya koti ilikuwa bado haijashonwa. Kisha akachukua simu. Picha ya cheti ilikuwa tayari. Picha ya Kifungo ilikuwa tayari. Kilichobaki ni kubonyeza. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na dakika kumi.

Mlango ukafunguliwa. Mzee Futi alikuwa amesahau miwani yake.

"Koti la nani hili?" aliuliza.

"La mteja."

"Mteja gani? Mimi sijampima."

"Alituma vipimo."

Sindano alisubiri kukaripiwa. Mzee hakukaripia. Alivaa miwani yake, akabandua ile karatasi na kuisoma kwa sauti.

"Kifua arobaini. Kiuno thelathini na nne. Bega kumi na nane. Urefu thelathini. Mkono wa kulia ishirini na tano. Mkono wa kushoto ishirini na tano."

Aliinua macho ukutani. Juu ya meza ya kukatia palikuwa na jedwali la zamani la vipimo, lile wanalotumia wanaposhona sare nyingi za watu wasiowajua. Mstari wa kati ulisema arobaini, thelathini na nne, kumi na nane, thelathini, ishirini na tano.

Sindano hakuhitaji kutazama. Alikuwa ameona siku ileile vipimo vilipofika, wiki tatu zilizopita. Aliona, akageuza macho. Hilo ndilo lililomuuma zaidi sasa, kwamba aliona.

"Mwanangu," Mzee Futi alisema polepole, "huyu si mtu. Huyu ni jedwali. Una picha yake?"

Sindano alimpa simu. Mzee aliikuza picha kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na pua.

"Mtu huyu bega lake la kulia limeshuka. Amebeba chuma hiki miaka mingi. Na mikono yake ni mirefu, ona kifundo kilivyotoka nje ya shati. Mimi ningemkatia ishirini na saba. Aliyeandika namba hizi hajavua hata shati lake kujipima."

"Labda alikisia tu, mzee. Wanaume ni wavivu."

"Inawezekana. Uvivu si kosa. Ni nani wako?"

Sindano akasema yote, kwa sentensi fupi fupi, akitazama sakafu. Alipofika kwenye cheti cha kuzaliwa, Mzee Futi alivua miwani.

"Umeshatuma?"

"Bado. Anataka kabla ya saa nane."

"Usitume. Mimi najua mabega, mitandao siijui. Ng'ambo ya barabara yuko anayeijua. Tuvuke kwanza."

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha kutengeneza simu. Mwenyewe aliitwa Dada Chaji, kwa kuwa alianza kazi kwa kuwachajia watu simu. Meza yake ilijaa simu zilizofunguliwa matumbo na bisibisi ndogo ndogo. Mara moja kwa mwezi alikaa na wanawake wa mtaa na kuwafundisha kuitumia simu bila kuumia. Sindano hakuwahi kuhudhuria. Alikuwa akisema hana muda wa kufundishwa kubonyeza.

Dada Chaji alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akaweka bisibisi chini.

"Dada yangu, nikuulize. Umewahi kumwona akitembea? Akigeuka, akikohoa, akitafuta viatu vyake? Si kwenye picha."

"Hapana. Ila sauti yake nimeisikia."

"Sauti ni ya mtu fulani. Ya nani, hatujui. Na hapa kwenu nani anajua habari zake?"

"Hakuna. Aliniomba nisiseme."

"Hilo ndilo linanitisha kuliko yote. Mtu anayekupenda atataka kuwajua watu wako. Anayekuwinda atataka ubaki peke yako."

Sindano akajitetea. "Lakini hajawahi kuniomba hata senti! Tena tiketi amekata yeye. Matapeli si huomba pesa?"

"Wengi huomba. Si wote. Wengine wanataka jina lako na kitambulisho chako, wafanye uhalifu kwa jina lako. Wengine wanataka picha za kukutishia. Na wengine, dada, wanataka mtu mwenyewe."

Dada Chaji alichukua picha ya Injinia na kuitafuta mtandaoni, aone kama imewahi kutumika kwa jina jingine. Walisubiri. Yakaja madaraja, kofia ngumu, wanaume wengine wenye mashati ya buluu. Injinia hakuwemo.

Sindano alishusha pumzi. "Mmeona? Si mwizi!"

"Usishangilie bado. Tungeiona kwa jina jingine, tungekuwa tumemshika. Tusipoiona, maana yake ni kwamba bado hatujui. Sasa muombe kitu cha dakika hii hii, ambacho picha ya zamani haiwezi kukijibu. Apige simu ya video. Ageuze shingo, apitishe mkono usoni, ainuke atembee. Siku hizi hata sura ya kwenye video inaweza kuigizwa na mashine, kwa hiyo hata hiyo haimalizi kila kitu. Lakini anayekataa kabisa amejibu tayari."

"Ajipime mkono," Mzee Futi akasema. "Kwa kamba, tukimwona."

Dada Chaji alicheka kwa mara ya kwanza. "Mzee, hiyo nitaiongeza kwenye masomo yangu."

Sindano akaandika: "Mpenzi, koti limebaki mikono tu. Nipigie video dakika mbili, ujipime mkono kwa kamba nikuone. Bila hivyo siwezi kulimaliza."

Jibu lilikuja haraka. "Kamera mbovu, unajua."

"Azima simu ya mwenzako kazini."

Safari hii jibu lilichelewa. Sindano alitazama kioo cha simu. Alitamani Injinia apige. Hata sasa, mbele ya mashahidi wawili, alitamani sana apige, acheke, aseme wasiwasi wako tu malkia wangu.

"Kwa hiyo huniamini? Miezi saba yote? Nimekutumia mpaka tiketi. Sikujua wewe ni mwanamke wa aina hiyo."

Kabla hajajibu, ukaja mwingine. "Cheti kiko wapi? Shule inafunga saa nane."

Kisha mwingine, wa upole. "Nisamehe malkia, nimechoka na kazi. Kesho mimi nitakuwa zamu. Dereva wangu atawapokea kituoni. Mvalishe binti ile nguo yake ya kijani, amtambue haraka."

Dada Chaji aliusoma ujumbe huo mara mbili. "Picha yako anayo. Kitambulisho chako anacho. Wewe ndiye mchumba. Mbona dereva anamtafuta binti?"

Sindano alikuwa amekwama kwenye neno moja. Nguo ya kijani alimshonea Kifungo Jumapili. Kifungo aliivaa chumbani, akajitazama kwenye kioo, akaivua. Ilikuwa bado haijatoka nje ya nyumba.

"Sijawahi kumwambia habari za nguo hiyo," alisema. "Amejuaje?"

Mzee Futi akamsogezea kigoda.

"Sikiliza," Dada Chaji alisema, na sasa alisema taratibu ili kila neno liingie. "Usimtukane. Usimwambie umeshtuka. Usifute ujumbe hata mmoja, huo ni ushahidi. Nitakuonyesha namna ya kupiga picha kioo cha simu ili tuhifadhi yote. Halafu tubadilishe maneno yako ya siri. Leo hii nenda polisi. Waambie na habari za kitambulisho, ili kikitumika vibaya iwe imeandikwa. Kumfungia na kuripoti akaunti yake tutafanya polisi wakishasema sawa. Lakini kabla ya polisi, nenda nyumbani. Waambie."

"Siwezi kumwambia binti yangu. Ataniona mpumbavu."

"Akuone mpumbavu akiwa hapa."

Sindano akaanza kulia. "Na mimi nilimdanganya. Umri wangu. Karakana."

"Ulifanya kosa, na limekufunga mdomo usiulize maswali. Siku nyingine mwambie mtu miaka yako halisi, akikimbia akimbie mapema. Lakini kosa lako halimpi yeye haki ya kukuwinda. Futa machozi. Jikaze kisabuni, uende."

Nyumbani, Kifungo alikuwa ametoka shule, anakula mkate akiwa amesimama. Bibi alikuwa anakunja nguo. Sindano aliwakalisha wote wawili kitandani. Alivuta begi kutoka uvunguni, akaliweka katikati ya chumba, akapiga moyo konde na kuanza.

Alisema kila kitu. Alipofika kwenye barua, Bibi aliacha kukunja.

"Ulitaka kuniaga kwa karatasi?"

"Ndiyo, mama."

Bibi alitazama dirishani. Machozi yalimshuka, hakuyapangusa. "Endelea," alisema. "Maliza."

"Na leo," Sindano aliendelea, "ametaja nguo ya kijani ya Kifungo. Sijui ameijuaje."

Mkate ulibaki mkononi mwa Kifungo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Kuna rafiki yangu wa mtandaoni. Anajiita Nyota. Ni msichana, anasoma kama mimi. Tumeandikiana wiki tano. Jumapili nilimtumia picha nikiwa na ile nguo."

"Umewahi kumwona akitembea?"

"Hapana. Anasema kamera yake mbovu." Akaanza kulia. "Aliniambia nisikwambie. Alisema wazazi hawaelewi urafiki wetu. Na jana aliniuliza kama napenda safari ndefu."

Miezi saba Sindano alidhani yeye ndiye anayependwa. Kisha alidhani yeye ndiye anayewindwa. Kumbe yeye alikuwa mlango tu. Alimshika binti yake kwa nguvu, Kifungo akasema anaumia, lakini hakujitoa.

Hawakusubiri. Jua likiwa bado juu, watu watatu walifunga mlango na kwenda kituo cha polisi. Askari wa zamu, mwanamke mwenye kalamu mbili mfukoni, alisoma simu zote mbili. Hakumcheka Sindano wala kumuuliza kwa nini mtu mzima anaandikiana na asiyemjua. Aliandika.

"Wengi hawaji," alisema. "Wanaona aibu, wanafuta ujumbe, na huyu mtu anahamia nyumba nyingine. Mmefanya vizuri kuja. Kesho msiende stendi. Akiandika, mnijulishe kwanza kabla ya kujibu. Nitaongea na wenzangu wa huko."

Alhamisi saa mbili asubuhi Sindano alikuwa ameketi kwenye benchi la kituo cha polisi, Kifungo upande mmoja, Bibi upande mwingine. Simu ikatetemeka. "Mmepanda?"

"Jibu ndiyo," askari alisema.

Sindano akaandika neno hilo moja. Kisha zikaja saa sita ambazo hatazisahau. Kila nusu saa simu iliuliza. Mmefika wapi? Binti amelala? Amevaa ile nguo? Bibi alinunua maji, hakuna aliyekunywa. Kifungo alihesabu vigae vya sakafu, akapoteza hesabu, akaanza upya.

Saa nane ilipita. Saa nane na nusu ikapita. Saa tisa na robo simu ya mezani ililia. Askari alisikiliza kwa muda mrefu, akisema "ndiyo" na "sawa" tu. Alipoweka simu chini, aligeuka kuwatazama.

"Basi limefika. Wamemkamata mtu aliyekuwa anasubiri. Anasema ametumwa, aliyemtuma hamjui. Ana karatasi yenye jina la binti yako na picha yake akiwa na nguo ya kijani."

"Na langu?" Sindano aliuliza.

"Jina lako halimo."

Bibi alimpa Sindano kitambaa cha kufutia uso. Mkono wake ulibaki begani mwa Sindano mpaka walipofika nyumbani.

Aliyejiita Injinia hakupatikana siku ile, wala wiki ile. Polisi waliendelea kumtafuta kupitia yule aliyekamatwa. Kwa ruhusa yao, Dada Chaji aliwasaidia kuziripoti zile akaunti mbili, na zote zikafungwa. Kwa muda mrefu Sindano alishtuka kila simu ilipotetemeka. Na kuna jambo aliloliona aibu kulisema, akalisema hata hivyo kwa Dada Chaji: asubuhi nyingine alikosa kuulizwa habari za mgongo. Dada Chaji alimwambia hiyo si aibu, ni kidonda, na kidonda kinahitaji siku.

Mwezi uliofuata alihudhuria mafunzo ya wanawake. Aliombwa aseme mbele ya watu. Alisimama, akaanza hivi: "Nina miaka arobaini na mmoja. Karakana si yangu, nimeajiriwa." Wanawake wakacheka, na yeye akacheka, kisha akawasimulia yote. Mzee Futi, mwanaume pekee mle ndani, alikaa nyuma na futi yake shingoni akitikisa kichwa kila mahali panapostahili.

Jumapili moja, wiki kadhaa baadaye, Sindano na Kifungo walikuwa wanaanika nguo uani. Kifungo alishika ncha moja ya shuka, mama yake nyingine.

"Mama."

"Naam."

"Mzee Futi asingerudi siku ile, tungepanda lile basi?"

Sindano alilijua jibu tamu. Angeweza kusema, hapana mwanangu, moyo wangu ungekataa mlangoni. Lilikuwa hapo ulimini. Alimtazama binti yake juu ya shuka lililolowa.

"Tungepanda," alisema. "Ningekushika mkono mwenyewe, tungepanda."

Walikamua shuka pamoja, maji yakamwagika miguuni mwao. Walilitundika na kulinyoosha. Sindano alingoja alie, au akasirike, au aingie ndani na kufunga mlango. Alikuwa tayari kwa lolote.

Kifungo alifuta mikono kwenye gauni lake, akatoa simu mfukoni na kumwekea mama yake kiganjani.

"Kuna mvulana wa darasani kwetu ananiandikia," alisema, uso umemwiva kwa haya. "Huyu yupo kweli, nimemwona akianguka na baiskeli. Lakini nataka na wewe umjue."

Sindano alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamvuta binti yake akae karibu.

"Haya," alisema. "Tumsome."